Klabu ya Mtaa Iliyokataa Kufa: Historia ya Dulwich Hamlet na Somo Kwetu

Ndugu wanajumuiya, kila mwaka ifikapo tarehe 9 Desemba tunakusanyika, tunaimba wimbo wa taifa, tunakula pilau, na wazee wetu wanasimulia habari za usiku ule wa mwaka 1961 bendera ya Mwingereza iliposhushwa na yetu ikapandishwa. Watoto wanasikiliza kwa adabu, huku jicho moja likitazama kama muziki umekaribia kuanza. Hatuwalaumu. Wamezaliwa hapa London, na mambo ya Dar es Salaam ya miaka hiyo kwao ni kama hadithi za paukwa pakawa.

Lakini kuna jambo moja ambalo watoto wote hulikumbuka wakiambiwa: kwamba uhuru wenyewe tuliupokea kwenye uwanja wa mpira. Bendera ilipandishwa katika Uwanja wa Taifa, ule ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, ambako baadaye Simba na Yanga wametoana jasho kwa miaka mingi. Kwa watu wetu mpira na uhuru vimekaa jirani tangu mwanzo. Ndiyo maana mwaka huu, kamati ya jarida ilipotuomba tuandike makala ya historia, tuliamua kuandika habari za uwanja wa mpira. Siyo wa kule nyumbani, bali wa hapa hapa kusini mwa London, uwanja ambao wengi wetu tumepita mlangoni pake mara nyingi bila kugeuza shingo.

Wale tunaoishi Peckham, Camberwell na East Dulwich tunalijua lile duka kubwa la vyakula la Dog Kennel Hill. Tumeshuka kwenye basi namba 176 au 185 na kununua mchele, mafuta na nepi za watoto. Pale tulipokuwa tukisukuma vitoroli vyetu palikuwa sehemu ya uwanja wa mpira uliowahi kuingiza watu zaidi ya 20,000. Na nyuma ya duka hilo, mpaka leo, kuna uwanja mdogo wa klabu iitwayo Dulwich Hamlet. Klabu hiyo ilipata utukufu, ikaanguka, ikanyang'anywa uwanja na hata jina lake, kisha ikasimama tena. Habari zake zinatuhusu, kama tutakavyoona.

MWANZO WAKE

Kwanza tuwaeleze wazazi wasiofuatilia mpira wa hapa. Uingereza ina madaraja manne ya juu yenye klabu 92, kuanzia Ligi Kuu. Chini ya hapo kuna ngazi nyingi za klabu ndogo ambazo Waingereza wanasema ziko "nje ya ligi". Siyo timu za mchangani kama za ndondo kwetu, kwa kuwa zina ligi rasmi, viwanja vyenye jukwaa na waamuzi wenye vyeti. Lakini wachezaji wake wengi wana kazi nyingine za kuwalisha, na klabu huendeshwa kwa kiingilio cha mlangoni, michango na watu wa kujitolea. Dulwich Hamlet ni klabu ya namna hiyo.

Ilianzishwa mwaka 1893 na mzee mmoja aitwaye Lorraine Wilson, ambaye vijana walimpenda hata wakamwita "Pa", yaani Baba. Ilianza na vijana waliotoka katika shule ya msingi ya mtaa wa Dulwich. Rangi zao zilikuwa waridi na buluu iliyoiva, na hawajazibadilisha hadi leo. Mwaka 1907 waliingia katika Ligi ya Isthmian, ligi ya timu za ridhaa, ambayo msemo wake wa Kilatini maana yake ni kwamba heshima inatosha. Bingwa wa ligi hiyo hakupewa kombe wala medali.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye tungependa kila mtoto wa jumuiya yetu amjue. Mwaka 1911 alifika London kijana wa Kimisri, Hussein Hegazi, aliyekuja kusoma. Alikuwa mshambuliaji mwenye kipaji cha ajabu. Dulwich wakamchukua, na haukupita muda Fulham, klabu iliyokuwa ndani ya ligi kubwa, ikamwita. Akacheza mechi moja dhidi ya Stockport County na akafunga bao. Mtu mwingine angebaki huko huko. Hegazi alichagua kurudi kwa Pa Wilson na klabu yake ndogo, akaichezea mpaka karibu na Vita Kuu ya Kwanza. Aliporudi kwao Misri akawa nguzo ya mpira wa nchi ile, akacheza Al Ahly na Zamalek kwa nyakati tofauti, na akaiongoza timu ya taifa kwenye Michezo ya Olimpiki ya 1920 na 1924. Mwaka huo wa 1924 Misri iliifunga Hungary mabao 3 kwa 0, na Hegazi alikuwa miongoni mwa waliofunga.

Kwa hiyo mtoto wako akiambiwa shuleni kwamba Waafrika wamekuja jana katika mpira wa nchi hii, mwambie ajibu kwa upole kwamba zaidi ya miaka 100 iliyopita, pale Champion Hill, watu walikuwa wakilipa kiingilio kumtazama mwanafunzi kutoka Afrika.

MIAKA YA UTUKUFU

Uwanja wa Champion Hill ulifunguliwa mwaka 1912. Baada ya vita klabu ikachanua. Ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Isthmian mara nne, katika misimu iliyomalizika 1920, 1926, 1933 na 1949. Kombe la Ridhaa la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa kubwa sana, ililichukua mara nne pia: 1920, 1932, 1934 na 1937.

Nyota wa enzi hizo alikuwa Edgar Kail. Alifunga mabao zaidi ya 400 akiwa na Dulwich, na hakuwahi kukubali kuwa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1929 aliitwa timu ya taifa ya Uingereza. Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Ufaransa, alifunga mabao mawili. Aliichezea nchi yake mechi tatu, na alikuwa miongoni mwa wachezaji wa mwisho wa ridhaa kutoka klabu ya nje ya ligi kucheza katika kikosi kikuu cha Uingereza. Njia inayoingia uwanjani leo inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1933 fainali ya Kombe la Ridhaa kati ya Kingstonian na Stockton ilichezwa Champion Hill mbele ya watu 20,744. Mwaka 1948, London ilipoandaa Olimpiki, mechi ya Korea Kusini na Mexico ilichezwa hapo, na Korea wakashinda 5 kwa 3. Hebu fikirini: uwanja wa klabu ya mtaa, ukipokea Olimpiki.

KUSHUKA

Klabu kama hii haianguki kwa siku moja. Inaoza taratibu, kama dau lililopandishwa pwani na kusahauliwa. Sababu zilikuwa tatu, na kila moja ina mfano wake kwetu nyumbani.

Ya kwanza ni kubadilika kwa mchezo wenyewe. Siku za ridhaa, mchezaji mzuri angeweza kubaki na klabu ya mtaa wake kwa mapenzi. Lakini pesa zilianza kuingia kwa siri, zikifichwa ndani ya viatu kama walivyosema wenyewe, mpaka mwaka 1974 Chama cha Mpira cha Uingereza kikafuta kabisa tofauti ya ridhaa na kulipwa. Kombe la Ridhaa likafa. Klabu zilizojijengea jina kwa heshima bila fedha zikajikuta hazina kombe la kugombea wala fedha za kugombea wachezaji.

Ya pili ni televisheni na magari. Baba aliyekuwa akitembea kwa miguu na wanawe Jumamosi mchana kwenda Champion Hill sasa aliweza kukaa nyumbani, au kuendesha gari kwenda kutazama timu kubwa. Jukwaa lililojengwa kwa maelfu likawa na mamia, kisha mamia machache.

Ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, ni ardhi. Jukwaa kubwa la zamani lilizeeka na gharama za kulifanya liwe salama zilikuwa kubwa kuliko mfuko wa klabu. Uwanja wa kale ukabomolewa, duka likajengwa, na pembeni yake ukajengwa uwanja mdogo wa watu 3,000 uliofunguliwa mwaka 1992. Klabu ikabaki na mahali pa kuchezea, lakini ikawa mpangaji. Tangu hapo hatima yake ilikuwa mikononi mwa mwenye kiwanja, na wenye kiwanja walibadilika. Mwaka 2001 timu ikashuka daraja kutoka ngazi ya juu ya Ligi ya Isthmian, ikakaa chini kwa miaka 12.

Wazee wetu mnaosoma haya mtakumbuka Tukuyu Stars, waliopanda daraja na moja kwa moja wakawa mabingwa wa Tanzania mwaka 1986. Leo vijana wengi hawajawahi hata kulisikia jina lao. Mtakumbuka pia Cosmopolitan ya Dar es Salaam. Timu zinakufa kwetu pia, na mara nyingi siyo kwa kukosa wachezaji. Zinakufa kwa kukosa mahali pao, vitabu vya hesabu na watu wa kukaa zamu.

KUAMKA

Mwaka 2009 klabu ilimpa ukocha Gavin Rose, mtu wa maeneo haya haya ya kusini mwa London. Yeye na wenzake walikuwa wakiendesha kituo cha vijana kiitwacho Aspire, kikiwachukua vijana wa Peckham na mitaa ya jirani, wengi wao wakiwa wametemwa na klabu kubwa au hawajawahi kuonwa kabisa. Wengi walikuwa watoto wa wahamiaji, sura zao kama za watoto wetu. Timu ikaanza kucheza mpira wa pasi, wa kuvutia, kwa vijana waliokuwa na njaa ya kuonekana. Mwaka 2013 wakawa mabingwa wa daraja lao na kupanda.

Wakati huo huo kwenye jukwaa kulikuwa na jambo lingine. Mwaka 2003 mashabiki walikuwa wameanzisha chama chao cha wanachama, chenye katiba, uchaguzi na ada. Watu hao wakauza skafu, wakapaka rangi kuta, wakasimama mlangoni kuchana tiketi. Bei ya kiingilio iliwekwa ili mtu aweze kuja na familia yake. Mtaa nao ulikuwa ukibadilika, wapangaji wapya wakihamia, na wengi waliochoshwa na bei za Ligi Kuu wakagundua kwamba kumbe kuna mpira dakika kumi kutoka mlangoni. Watu wakaongezeka kutoka mamia machache hadi kupita 1,000 kwa mechi ya kawaida, na mechi kubwa zikajaza uwanja.

Klabu ilijulikana pia kwa kufungua mlango kwa watu ambao viwanja vingine viliwatukana. Ilipinga ubaguzi waziwazi, na ilichangisha kwa ajili ya misaada. Hilo lilivuta watu ambao hapo awali waliamini kwamba mpira si mahali pao.

Mashabiki walifanya jambo jingine ambalo halikupigiwa vigelegele siku ile lakini lilikuja kuwa na uzito. Sheria ya hapa ya mwaka 2011 inaruhusu wananchi kuomba halmashauri iandikishe jengo au kiwanja kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Kikiandikishwa, mwenye mali akitaka kuuza ni lazima jamii ipewe muda wa kujipanga kutoa bei yake. Chama cha mashabiki kilijaza fomu, na Champion Hill ukaandikishwa. Watu wachache walikaa jioni wakisoma sheria wakati wenzao wapo baa. Tuwakumbuke hao.

MWAKA WA MTIHANI

Mwaka 2014 uwanja ulinunuliwa na kampuni ya kuendeleza majumba. Mpango wao ulikuwa kujenga nyumba juu ya uwanja na kuihamishia klabu kwenye kiwanja cha jirani cha Green Dale, ambacho ni ardhi ya wazi chini ya halmashauri ya Southwark. Mwanzoni kampuni iligharimia uendeshaji wa klabu, na madeni ya zamani yakashughulikiwa, kwa hiyo wapo walioipokea kwa furaha. Wapo pia majirani waliopinga, si kwa kuichukia klabu bali kwa kulinda ardhi ya wazi ambayo watoto wanachezea. Lazima tuwe waadilifu hapa: pande zote mbili zilikuwa na hoja. Halmashauri haikutoa kibali, na mazungumzo yakavunjika. Mwishoni mwa 2017 fedha za kampuni zikakatwa.

Machi 2018 mambo yakafika shingoni. Klabu ilitakiwa kuondoka Champion Hill. Kana kwamba hilo halikutosha, ikapokea barua ya mawakili ikisema kwamba majina "Dulwich Hamlet Football Club", "The Hamlet" na kifupisho chake yameandikishwa kuwa alama za biashara za kampuni nyingine yenye uhusiano na mwenye uwanja, na kwamba klabu isiyatumie tena. Klabu yenye umri wa miaka 125 ikaambiwa jina lake si lake.

Sisi tuliozaliwa katika nchi zilizotawaliwa tunalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Ardhi kwanza, kisha jina. Ndiyo maana hata Simba, iliyokuwa ikiitwa Sunderland kwa jina la kuazima kutoka nchi hii, ilibadilisha jina mwaka 1971 ili iitwe kwa lugha yetu. Jina ni nusu ya kumiliki kitu.

Basi mtaa ukainuka. Watu waliandamana barabarani wakiwa na skafu za waridi na buluu, wazee kwa watoto. Mbunge wa eneo hilo, Helen Hayes, akalifikisha suala Bungeni. Meya wa London, Sadiq Khan, akaiunga mkono klabu. Rio Ferdinand, ambaye ni mtoto wa Peckham, akajitokeza na wenzake wakitaka kuununua uwanja. Halmashauri ya Southwark ikatangaza kwamba nayo iko tayari kuununua. Madai ya jina yakasalimu amri kwanza: kelele zilipozidi, majina yakarudishwa.

Lakini uwanja ulibaki umefungwa, na mechi za nyumbani lazima zichezwe mahali. Waliowapokea walikuwa Tooting & Mitcham United, wapinzani wao wa miaka mingi. Kwa lugha yetu tungesema ni kama Yanga kufungiwa Jangwani na kwenda kulala Msimbazi. Utani wa jadi una mipaka yake, na siku ya msiba mtani ndiye anayebeba jeneza.

Katika hali hiyo ya ukimbizi timu ilikuwa inapigania kupanda daraja. Misimu miwili iliyotangulia, 2016 na 2017, walikuwa wamefika fainali ya mchujo na kufungwa. Mei 2018 walifika tena, mara ya tatu mfululizo, dhidi ya Hendon. Mechi ikaisha kwa sare na kuingia kwenye mikwaju ya penalti. Dulwich wakashinda. Klabu isiyo na uwanja ikapanda hadi daraja la sita la mpira wa Uingereza, ngazi ambayo haikuwa imewahi kuifikia katika mfumo huu.

Baada ya mazungumzo marefu, makubaliano yakafikiwa, na tarehe 26 Desemba 2018 timu ikacheza tena Champion Hill. Watu walijaa. Wengine walilia, na hakuna aliyewacheka.

HADITHI HAIJAISHA

Tungependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo wameishi raha mustarehe, lakini hii ni makala ya historia, si ngano. Mwaka 2019 klabu ikawa na timu ya wanawake, na mwaka 2020 halmashauri ikapitisha mpango wa nyumba 219 pamoja na uwanja mpya. Hata hivyo kibali kwenye karatasi si matofali. Ugonjwa wa korona ukafunga milango. Gavin Rose akaondoka mwaka 2022 baada ya zaidi ya miaka 12, na mwaka 2023 timu ikashuka daraja kurudi Ligi ya Isthmian. Ardhi bado si yao.

Lakini angalieni tofauti. Iliposhuka mwaka 2001, karibu hakuna aliyejua. Iliposhuka 2023, ilikuwa na wanachama, chama chenye sauti, watoto waliozoea kuja na baba zao, na mtaa mzima unaoijua. Kushuka daraja kwa klabu yenye watu ni hasara ya msimu. Kwa klabu isiyo na watu kunaweza kuwa mwisho.

NA SISI JE?

Hapa tuseme ukweli baina yetu. Jumuiya yetu nayo ilikuwa na timu. Ninyi mliokuwapo mnakumbuka: Jumapili asubuhi, uwanja wa kukodi kwenye bustani, jezi za kijani, akina mama na chupa za chai ya tangawizi, mjomba mmoja akijifanya kocha na mwingine akibishana na refa kwa Kiswahili ambacho refa hakukielewa. Vijana waliozoeana pale mpaka leo ni kama ndugu. Kisha timu ikafa.

Hakuna mwekezaji aliyetufukuza, wala wakili aliyetuandikia barua. Kwanza ilikosekana ada ya uwanja kwa mwezi mmoja, kwa sababu aliyekuwa akikusanya alisafiri kwenda nyumbani kwenye msiba na hatukumteua wa kumshikia. Halafu pakawa na kutoelewana kuhusu nani afue jezi. Halafu wakubwa tukaanza kutazama Ligi Kuu kwenye televisheni saa zile zile. Ndani ya msimu mmoja ikawa imekwisha. Jezi ziko kwenye mfuko mweusi chini ya ngazi za nyumba ya mmoja wetu. Tumekwenda kuzitazama kabla ya kuandika makala hii. Ziko 14. Panya hawajazigusa.

Jambo jingine la kukiri ni kwamba wakati mtaa wa Dulwich unaandamana mwaka 2018, wengi wetu tulikuwa tukiishi hapo hapo na hatukutoka. Tulisema yale ni mambo ya Wazungu. Kumbe uwanjani waliokuwa wakicheza walikuwa vijana wanaofanana na wetu, kutoka mitaa yetu, na historia ya klabu hiyo ina jina la Mwafrika ndani yake tangu 1911. Tulikuwa na haki ya kusema ni petu, na tukanyamaza.

Watoto wetu hawatabaki na jumuiya hii kwa sababu ya hotuba. Watabaki kama kuna kitu cha kufanya pamoja kila wiki, chenye jezi, ratiba na mtu mzima anayewasubiri mlangoni hata siku ya mvua. Kwa hiyo sisi tulioandika haya tunaleta mapendekezo matatu kwa mkutano mkuu ujao, na tunaomba yaandikwe kwenye ajenda.

La kwanza, timu ifufuliwe, ya wavulana na ya wasichana, ikianza na watoto wa chini ya miaka 12. Hatuhitaji makubwa. Tunahitaji watu wanne wa kujitolea na mmoja wa akiba kwa kila mmoja wao, ili asafiripo mtu timu isisafiri naye.

La pili, iwe na daftari lake la fedha, tofauti na mfuko wa sherehe, na lisomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu. Atakayeuliza swali kuhusu hesabu asionekane mchokozi.

La tatu, mara moja kila msimu twende Champion Hill kama jumuiya, wazee, akina mama na watoto. Tulipe kiingilio, tukae jukwaani, na tuwaonyeshe watoto ile njia yenye jina la Edgar Kail. Kisha tuwasimulie habari za Hussein Hegazi, mwanafunzi aliyetoka Afrika na kuchagua klabu ya mtaa wake.

Anayetaka kujiandikisha amwone mmoja wa wanakamati siku ya sherehe, kabla ya chakula, maana baada ya pilau tunajuana. Jezi 14 zitakuwa zimefuliwa na kutundikwa ukumbini, karibu na bendera. Watoto wazipime.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru kwenu nyote, na Mungu ibariki Tanzania.